Usukani ulianzia baharini: tuyajue maneno ya barabara na safari

Swali linalorudi mara nyingi kwenye meza yetu ya lugha ni hili, je kipilefti, yaani ule mduara ambao magari huuzunguka pale barabara zinapokutana, ni Kiswahili au ni makosa? Anayeuliza mara nyingi ni mzazi ambaye mwanae kakatwa maksi kwa kuandika kipilefti badala ya mzunguko. Mimi nasema wazi, kipilefti ni Kiswahili, na kimeumbwa vizuri kabisa.

Barabarani palikuwa na vibao vya Kiingereza vimeandikwa Keep Left, kumwambia dereva apite kushoto anapouzunguka ule mduara. Watu wakakichukua kibao wakakitia mdomoni, ikatoka kipilefti. Sasa ona kilichofuata, sikio la Mswahili lilipoisikia ile ki- ya mwanzo likaipokea kama ki- ya kiti na kisu, kwa hiyo vikiwa viwili vinakuwa vipilefti, kipilefti hiki, vipilefti vile. Hakuna kikao kilichoamua hivyo, ni sarufi iliyomo vichwani mwa watu ndiyo iliyofanya kazi. Hata gereji ni hivyo hivyo, neno la Kiingereza la chuma kinachozuia tope kwenye gurudumu, mudguard, liliingia likawa madigadi, watu wakaisikia ile ma- kama ma- ya magari, basi kimoja kikaitwa digadi. Fundi anakwambia digadi la kushoto limepinda lete tulinyooshe, na hapo hajakosea kitu. Mtoto aliyeandika kipilefti apewe maksi zake, aongezewe na neno mzunguko awe nayo yote mawili.

Lakini watu wengi wanadhani maneno ya usafiri yote tumeyatoa kwa Kiingereza kwa sababu wanasikia breki, gia, pancha, tairi, spea, lori, basi, dereva, konda. Hayo kweli yalikuja na magari. Ila kabla ya gari kulikuwa na bahari, na watu wa pwani walikuwa wanasafiri kwa majahazi karne nyingi kabla mtu hajaona lami. Shika usukani wa gari lako, hilo neno linatokana na sukani, ule ubao wa nyuma ya chombo unaokipeleka kulia au kushoto, na asili yake ni Kiarabu. Gari lilipofika hatukuhangaika kutafuta neno jipya, tukaona kinachogeuza chombo ni usukani basi na hiki ni usukani. Rubani naye alikuwa mtu wa majini, yule anayejua miamba na mikondo akaongoza chombo kiingie salama, leo yuko angani anarusha ndege. Nauli ni hela ya chombo cha baharini, nayo ni Kiarabu. Nahodha ni Kiajemi, na siku hizi ukilitaja vijana wanafikiria mpira kwanza. Bandari pia ni Kiajemi, na sasa tuna bandari kavu, mahali pa kupokea makontena mbali kabisa na maji, na neno limekubali bila shida. Meli ndiyo iliyotoka Uingereza, kwenye neno lao la barua, mail, maana zile zilikuwa meli za kubeba barua.

Gari lenyewe lilikuja kutoka India. Kwa Kihindi chao ni kitu chenye magurudumu kinachokokotwa, ndiyo maana mpaka leo tunasema gari la ng'ombe na hakuna anayeshangaa. Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Ziwa Victoria 1901, maelfu ya wafanyakazi waliletwa kutoka India, na lile dude linalotoa moshi likaitwa gari la moshi. Siku hizi treni ni za dizeli na za umeme, moshi umeondoka lakini garimoshi bado lipo kwenye kamusi, na mimi naona libaki, neno si lazima life kwa sababu moshi umezimwa.

Safari yenyewe ni neno ambalo tumelipokea kwa Waarabu na sisi tukawapa Wazungu, ila kwao imekuwa kwenda kutazama wanyama. Kwetu ukienda msibani ni safari, ukienda kumsalimia shangazi ni safari. Na limezaa watoto wengi, safiri, msafiri, msafara, usafiri, usafirishaji, na hapa kwenye hayo mawili ya mwisho ndipo watu wanapochanganya hata kwenye barua za ofisi. Usafiri ni kwenda kwako wewe au chombo kinachokupeleka, usafirishaji ni kukipeleka kitu au mtu mwingine. Mzigo hausafiri wenyewe, unasafirishwa. Kwa hiyo kampuni ya malori iko kwenye biashara ya usafirishaji, na wewe uliyekaa kituoni unalalamikia shida ya usafiri.

Sasa tuje mtaani, maana huko ndiko maneno yanazaliwa kila siku. Daladala, maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 watu walishazoea kuiita dala, basi makonda wakawa wanaita abiria dala dala, na jina likabaki hata nauli ilipopanda. Kenya wana matatu, nayo pia ni habari ya nauli, senti 30, yaani mapeni matatu ya senti kumi kumi. Angalia nchi mbili jirani, bila kuulizana, zote zimeliita gari kwa kile ambacho abiria alikuwa amekishika mkononi. Bodaboda imetoka mpakani kati ya Kenya na Uganda, upande wa Busia, vijana walikuwa wanavusha watu kwa baiskeli kutoka mpaka huu hadi ule wakiita kwa neno la Kiingereza la mpaka, border, ikawa boda boda, baadae pikipiki ikarithi jina. Bajaji ni jina la kiwanda cha India limegeuka jina la chombo. Foleni nayo ilikuwa amri ya kijeshi ya Kiingereza, fall in, ya kuwaambia watu wajipange, sasa Dar es Salaam ni magari yaliyosimama. Na utingo, yule msaidizi wa dereva wa lori anayelala juu ya mzigo, nimemtaja kwa makusudi kwa sababu jina lake halitajwi sana kwenye maandishi na kazi yake ni ngumu mno.

Wageni wanaojifunza lugha yetu wanapata tabu na barabara, ukiweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, barabára, ni njia kubwa, ukiurudisha nyuma, barábara, ni sawasawa kabisa. Na ndege je? Ndege ametua ni yule mwenye mabawa ya manyoya, ndege imetua ni ile ya abiria, herufi moja tu ya mwanzo wa kitenzi inakwambia kipi ni kipi, mimi kila nikifundisha hapo nafurahi upya. Kuhusu gari limeharibika na gari imeharibika, kwenye maandishi ya ofisi na mtihani andika limeharibika, kwenye mazungumzo watu wanasema imeharibika na wanaelewana, sioni haja ya kumkatiza mtu katikati ya shida yake ya gari kumsahihisha.

Kuna maneno ya madereva ambayo natamani kila abiria ayajue. Kutanua ni kutoka kwenye foleni ukapita pembeni, kule kwa waenda kwa miguu na bodaboda, ili uwahi mbele. Kuchomekea ni kuingiza gari ghafla mbele ya mwenzako bila nafasi ya kutosha. Haya maneno ni mazuri kwa sababu yanasema kitendo chenyewe, mtu akisema yule katanua unajua nani kafanya nini, humsikii akisema gari lilijikuta pembeni.

Na hapo ndipo penye neno linalonikera kwa miaka mingi, ajali. Kwa Kiarabu asili yake ni muda uliowekwa, siku ya mtu kufika mwisho wake, na kwenye Kiswahili maana hiyo haijafutika, ndiyo maana tunasema ajali haina kinga na tunanyamaza. Sipingi imani ya mtu na siombi neno lifutwe, limo kwenye sheria, limo midomoni, haliondoki. Ninachosema ni kwamba tukishasema ajali tusiishie hapo. Sikiliza taarifa zetu, gari limeacha njia, basi limepinduka, breki zimefeli, lori limekosa mwelekeo. Ukizisoma mfululizo unaona vyuma ndivyo vilivyoamua, dereva hayupo, mwenye gari hayupo, aliyelipakia lori kupita kiasi hayupo. Lugha yetu inayo maneno ya kumtaja mtu, kugonga, kugongana, kulipita gari mlimani, kusinzia, kuzidisha mwendo, kuzidisha abiria.

Kwa hiyo wewe uliyeshuhudia, ukiulizwa na trafiki au ukiandika taarifa kwenye kundi la simu, badala ya kuandika basi limeacha njia na kupinduka, andika hivi kama ndivyo ulivyoona: dereva alikuwa analipita lori kwenye kona, akakutana uso kwa uso na gari dogo, akalitoa basi nje ya lami, likapinduka. Na kama hukuona chanzo andika basi limepinduka, sikuona mwanzo wake, ili aliyekuwa kiti cha mbele naye aulizwe.