Maandishi ya "haina sukari" na yale yaliyo nyuma ya pakiti

Dhana inayosikika kuliko zote ni kwamba aspatemu, kitamu kinachotiwa katika soda za daiti na chingamu, imethibitishwa kuleta saratani. Ukweli ni kwamba mwezi Julai 2023 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka katika kundi la 2B, yaani vitu vinavyoshukiwa huku ushahidi wake ukiwa bado hafifu, na kundi hilo halipimi ukubwa wa hatari kwa mnywaji. Wakati huohuo kamati ya pamoja ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, ilibakiza kikomo cha zamani cha matumizi, yaani miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mwenye kilo 70 angekivuka kwa kunywa zaidi ya makopo tisa hata kumi na manne, ikiwa kila kopo lina miligramu 200 hadi 300. Wanaopaswa kuiepuka kabisa ni wenye fenilketonuria, maradhi ya kurithi ambayo huufanya mwili ushindwe kuchakata fenilalanini, kijenzi cha protini kilichomo ndani yake.

Sakarini, kitamu kingine kisicho sukari, nayo ilibebeshwa lawama kama hiyo. Marekani iliiwekea onyo mwaka 1977, kisha ikaliondoa mwaka 2000 baada ya kubainika kwamba namna saratani ilivyowapata panya dume wa maabara haitokei kwa binadamu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni imani ya upande wa pili, kwamba kisicho na sukari kinaliwa bila kipimo. Mwezi Mei 2023 WHO ilishauri vitamu hivi visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito, kwa kuwa havikuonyesha manufaa ya muda mrefu katika kupunguza mafuta mwilini. Ushauri huo haukuwahusu waliokwisha kuwa na kisukari, lakini nao hupotoshwa na pakiti. Geuza biskuti za "haina sukari" usome nyuma: aghalabu unga wa ngano ndio wa kwanza, kisha mafuta ya mawese, kisha maltitoli, kitamu kinachotiwa badala ya sukari. Unga ule hugeuka glukosi mwilini, maltitoli yenyewe hupandisha sukari ya damu kwa kiasi, na ikizidi huharisha.

Wapo pia wanaokimbilia asali, sukari guru au juisi ya boksi wakiamini kuwa vya asili havidhuru. WHO huhesabu sukari ya vyote hivyo pamoja na sukari ya mezani, na kikomo chake kwa mtu mzima ni takriban gramu 50 kwa siku. Soda ya kawaida ambayo lebo yake inasema gramu 10.6 kwa kila mililita 100, ikiwa katika chupa ya nusu lita, imebeba gramu 53.