Je, wajua kwa nini darubini ya mdunguaji humeremeta kwenye gemu?

Unakatiza uwanja mtupu kuelekea kituo ambacho timu yako inataka kukiteka. Mbali kule, juu ya paa, kinameta kitu cheupe mfano wa kipande cha kioo kilichopigwa na jua. Hapo una nusu sekunde ya kujitupa nyuma ya ukuta. Ukizubaa, umekwisha: hukusikia mlio, hukuona mtu, unarudishwa mwanzo wa ramani ukiwa umenuna.

Mmeto ule ni wa darubini ya mdunguaji, au snaipa kama wachezaji wengi wanavyomwita. Battlefield 3, gemu ya vita iliyotoka mwaka 2011, ndiyo iliyowazoesha wengi wetu kuutafuta kwa macho kabla ya kuvuka barabara. Wadunguaji wenyewe hawaupendi hata kidogo, na hoja yao si ya kipuuzi. Darubini halisi humeta pale tu mwanga unapoipiga kutoka mbele kwa pembe inayofaa. Kwenye gemu humeta kivulini, humeta jua likiwa mgongoni mwa mpigaji, humeta hata ndani ya jengo. Tena askari halisi ana dawa ya tatizo hilo: huvalisha mdomo wa darubini wavu mdogo wenye matundu kama ya sega la nyuki, unaopitisha picha na kuzuia mwanga usirudi nje, au huifunika kwa kitambaa akaacha mwanya tu wa kuchungulia. Kwa hiyo mtu aliyejipaka matope na kujivika majani, halafu akawasha taa usoni, ni kichekesho.

Ukiwauliza wachezaji kwa nini watengenezaji wameng'ang'ania kichekesho hicho, wengi watakujibu kwa neno moja: usawa. Sawa, lakini usawa wa nini na nini? Ukiliacha neno hilo lipite bila kulifungua, hujaeleza kitu. Tulifungue kwa hesabu.

Chukua skrini ya kawaida yenye pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 1,920 kwa upana, na kamera ya gemu inayoonyesha digrii 90 kutoka kushoto hadi kulia. Kwa mpangilio huo, mtu aliyesimama mita 300 mbele yako anachorwa kwa pikseli kama tano kwenda juu, na chini ya mbili kwa upana. Akilala kifudifudi akachomoza kichwa tu, kichwa hicho hakifiki pikseli moja. Na lenzi ya darubini yake, tuseme ina kipenyo cha milimita 50, ni kama sehemu moja ya sita ya pikseli. Hata uwe na jicho la tai hutaiona, maana skrini haina mahali pa kuichora.

Sasa hamia upande wake. Darubini inayokuza mara 8 inamletea kichwa chako kikiwa na urefu wa pikseli kama sita, na mwili wako wote ukiwa na pikseli zaidi ya 40 kwa urefu. Yeye anaona kofia yako na mkono ulioshika bunduki. Wewe, kwa hesabu ile ile, unatazama kilima kisicho na mtu.

Mtu atasema vitani ndivyo ilivyo. Sivyo kabisa. Jicho zima la binadamu huweza kutenganisha vitu hadi dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Pikseli iliyo katikati ya skrini yetu ile inameza zaidi ya dakika tatu na nusu. Maana yake, ukikaa mbele ya gemu umevishwa macho mabovu zaidi ya mara tatu kuliko yako mwenyewe, na bado hatujataja kwamba macho yako huona karibu digrii 180 za ulimwengu ulio mbele yako huku skrini ikikupa nusu yake. Askari halisi pia hushtuliwa na kitu kidogo kilichosogea pembeni mwa jicho, ndege walioruka ghafla, jani lililotikisika bila upepo. Haya yote gemu haina, au inayo kwa uchache. Darubini humrudishia mdunguaji macho yake na kumwongezea mengine. Aliye chini hakuna anayemrudishia chochote.

Kuna jambo jingine baya zaidi, nalo linawahusu wanaojificha kwenye nyasi. Kuchora kila unyasi wa ramani yenye upana wa kilomita kadhaa kungezilemea kompyuta nyingi, sembuse simu, hivyo gemu nyingi huchora nyasi za karibu na mchezaji tu. PUBG, gemu ya kupigana hadi abaki mshindi mmoja, ilisifika vibaya kwa hili. Umelala kwenye nyasi ndefu, kwenye skrini yako huonekani hata unyayo, roho imetulia. Kumbe kwa mtu wa mita 400 kutoka hapo nyasi hizo hazipo: anaona ardhi tambarare na mwili umelazwa juu yake kama samaki kwenye meza ya mchuuzi. Wabunifu wamejaribu hila kadhaa, kama kumzamisha aliyelala kidogo ardhini akitazamwa kwa mbali, lakini tatizo lenyewe ni la mashine. Umbali ukiongezeka, teknolojia humpendelea mwenye darubini.

Ndipo mmeto unapopata maana. Hauchorwi kwa ukubwa wa lenzi halisi. Huchorwa kwa makusudi mkubwa kuliko lenzi na kuliko hata kichwa cha mtu, na hutokea pale darubini inapoelekezwa upande wako. Si jua lile. Ni gemu inakulipa fidia ya macho iliyokunyang'anya. Kwa maoni yangu hii ndiyo siri ya silaha za kudungulia kwenye gemu zote: bunduki nyingine hutengenezwa ili anayeipiga afurahi, ila hii hutengenezwa kwa kumfikiria zaidi anayepigwa. Yeye ndiye atakayekufa bila kujua kilichomuua, na mtu akifa hivyo mara tano mfululizo huzima mashine akaenda kulala.

Ukishaliona hilo, unaanza kulitambua hata pasipo na mmeto. Mfululizo wa Call of Duty, ambao ramani zake ni ndogo, humwonyesha marehemu picha ya kifo chake kupitia macho ya muuaji. Inaonekana kama pambo, lakini kazi yake hasa ni kumchongea mviziaji: umeshajua dirisha alilopo, rudi ukamtoe. Halo, tangu ya kwanza ya mwaka 2001, huacha msitari wa moshi hewani kutoka kwenye mtutu hadi risasi ilipoangukia. Team Fortress 2 ya mwaka 2007 humwekea mdunguaji nukta yenye rangi ya timu yake inayotembea ukutani pale anapolenga, hivyo ukiona nukta inazungukazunguka mlangoni huna sababu ya kutoka. Kila mmoja amebuni njia yake ya kumsema.

Counter-Strike, gemu ya timu mbili zinazopigana kwa raundi, haimsemi mdunguaji. Inamtoza. Bunduki yake maarufu, AWP, ilichukua jina na umbo kutoka familia ya bunduki za Kiingereza za Arctic Warfare, zilizopewa jina hilo baada ya kuboreshwa ili zifanye kazi kwenye baridi kali, Uswidi ikiwa miongoni mwa wateja wa mwanzo. Kwenye gemu AWP huua kwa risasi moja popote inapopiga isipokuwa miguuni, fulana ya kuzuia risasi iwepo isiwepo. Hapo umbali ni makumi machache ya mita, na risasi hufika papo hapo bila kuanguka wala kupeperushwa. Nguvu kama hiyo isingevumilika bila bei. Basi inauzwa dola 4,750 za mchezo, wakati AK-47 ni 2,700 na raundi ya kwanza unaianza na 800. Ukiua kwa AWP unalipwa dola 100. Kwa bunduki ya kawaida ni 300. Ukiibeba unatembea polepole, na ukiwa umelenga ndiyo unajikokota. Ukikosa, darubini inashuka, unakoki, na karibu sekunde moja na nusu inapita kabla hujafyatua tena, muda unaotosha mtu mwenye bastola kukufikia na kukuaibisha. Hata hivyo bado ilionekana kali mno, na mwishoni mwa mwaka 2022 magazini yake ikapunguzwa kutoka risasi 10 hadi 5.

Uzuri wa bei ni kwamba inamfikia aliyepigwa pia. Ukifa kwa AWP, unaweza kumfuata mwenye nayo, kumwangusha na kuiokota. Hasira imepata pa kwenda. PUBG nayo iliiweka AWM, ile inayopenya kofia ngumu kuliko zote kwa risasi moja, ndani ya makasha yanayodondoshwa na ndege, na risasi zake zinakuja humohumo. Anayeitaka lazima akimbilie kasha ambalo kila mtu ameliona likishuka na moshi wake.

Kuhusu kuanguka kwa risasi na upepo, hapa gemu hutofautiana sana na mabishano hayaishi. Risasi inayotoka kwa mita 850 kwa sekunde ikisafiri mita 300 huanguka zaidi ya nusu mita, kwa hiyo gemu inayozingatia hilo inamdai mpigaji alenge juu, na akimlenga anayekimbia alenge mbele. Hiyo nayo ni fidia, tena ya heshima kuliko zote: anayekimbia kwa kupindapinda anapewa nafasi halali ya kukoswa. Call of Duty 4 ya mwaka 2007 ilikwenda mbali zaidi katika misheni moja ya Pripyat, mji uliohamwa karibu na Chernobyl, ambapo mchezaji anatazama bendera inavyopepea na anakumbushwa habari ya mzunguko wa dunia kabla ya kufyatua. Lakini tazama: aliyelengwa pale ni wa kompyuta. Hakuna binadamu wa kulalamika, hivyo mbunifu ameachia ujuzi wote uende kwa mpigaji.

Vitani hakuna wa kumfidia mtu. Mwaka 2017 jeshi la Kanada lilithibitisha kwamba mdunguaji wake alimpiga mtu nchini Iraki kutoka umbali wa mita 3,540, na risasi ilikuwa hewani karibu sekunde 10. Kazi kama hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mdunguaji huenda na mwenzake anayepima umbali, kusoma upepo na kutazama risasi ilipoangukia, na muda mwingi wa wawili hao hauendi katika kuua bali katika kutazama na kuripoti. Battlefield inalijua hilo. Kundi lake la wadunguaji huitwa la upelelezi na hupewa vifaa vya kuwaonyesha wenzao adui alipo. Ni wangapi wanaovitumia, hilo waulize waliowahi kuwekwa timu moja na wadunguaji kumi waliolala kilima kimoja huku kituo kinatekwa.

Mmoja wa wadunguaji waliohofiwa zaidi katika historia, Simo Häyhä wa Ufini, hakutumia darubini kabisa. Katika Vita vya Majira ya Baridi vya 1939–1940 dhidi ya Umoja wa Kisovieti anahesabiwa kuua zaidi ya watu 500, na alipendelea vilengeo vya kawaida vya chuma vilivyo juu ya mtutu. Kioo cha darubini hufunikwa na ukungu wa baridi, humlazimu mtu ainue kichwa juu zaidi, na kinaweza kumeta juani kikamsaliti.

Kwenye gemu nyingi zenye mmeto, darubini za ukuzaji mdogo hazimeti. Wachezaji waligundua mapema. Ukimwona mtu ameacha darubini ya mara 8 akaweka kioo kidogo juu ya bunduki ndefu, akakaribia hadi mita 100, usimcheke.