Magma haitoki kwenye kiini cha dunia

Ukitajwa mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai hapa Arusha, hakosi mtu wa kukuambia kwamba ule moto unapanda moja kwa moja kutoka katikati ya dunia. Madereva wa watalii wanasema, walimu wa tuisheni wanasema, na wanafunzi wanachora bomba jekundu lililonyooka toka kiini hadi kileleni. Bomba hilo halipo.

Magma ni mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ya ardhi; ukishatoka nje unaitwa lava. Maana ndiyo hiyo. Kasheshe ni inakotoka.

Kiini kinaanzia kilomita 2,900 hivi kwenda chini, na sehemu yake kubwa ni chuma. Magma huanza juu kabisa ya hapo, kwa kawaida kilomita makumi kadhaa hadi mia na kitu, kwenye sehemu ya juu ya mantili (tabaka nene lililo kati ya kiini na ganda la nje la dunia) au hata ndani ya ganda lenyewe. Na mantili, pamoja na kupakwa rangi nyekundu vitabuni, ni mwamba mgumu. Hakuna aliyeichimba akafika (shimo refu kuliko yote, la Kola kule Urusi, liliishia kilomita 12), ila matetemeko yanatuambia. Kuna mawimbi ya tetemeko yanayotikisa mwamba kwa upande, nayo hayapiti kwenye kimiminika. Yanapita mantili yote. Yakigusa kiini cha nje yanakatika. Kumbe kilichoyeyuka ni kiini cha nje, na volkano zetu hazitoki huko.

Sasa mwamba mgumu unayeyukaje? Wengi hudhani lazima uongezewe moto. Si lazima; kupunguziwa mgandamizo kunatosha. Kwenye Bonde la Ufa ganda linavutwa na kuwa jembamba, mwamba wa moto wa chini unapanda, mgandamizo unapungua, ndipo sehemu yake ndogo inayeyuka. Sehemu ndogo tu, kama mafuta yanavyochuruzika kwenye mbuzi wa kuchoma na nyama ikabaki jikoni.

Lengai wenyewe unaiumbua hadithi ya bomba. Lava yake ina nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya ile ya Hawaii. Inatoka nyeusi, mchana hata haing'ai, na baada ya siku chache unyevu unaigeuza nyeupe. Haina habari na chuma cha kiini: imejaa kaboneti za sodiamu, jamii ya magadi, na madini yake mojawapo yanaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu. Leo hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya namna hiyo.

Mgeni akiuliza, ukimjibu "tumboni mwa ardhi" sitabisha. Kiini tu ndugu yangu, hicho usimtajie.