Benode Behari Mukherjee hakuacha sanaa alipopofuka

Husimuliwa kwamba mchoraji huyu wa Kihindi aliona vizuri hadi upasuaji wa mtoto wa jicho ulipokwenda vibaya miaka ya 1950, na sanaa yake ikakomea hapo. Sivyo. Tangu utotoni jicho moja halikuona, na la pili liliona vya karibu tu. Kwa jicho hilohilo bovu alichora, hadi 1947, watakatifu wa kale kwenye kuta za jengo la Hindi Bhavana, mjini Santiniketan, India. Alipopofuka kabisa alikata karatasi za rangi na kuzibandika, akafinyanga sanamu kwa kupapasa, na mwaka 1972 akabuni picha ya vigae ukutani Kala Bhavana, chuo cha sanaa alikosomea na kufundisha. Mwanafunzi wake wa zamani, mwongozaji filamu Satyajit Ray, alitengeneza filamu kumhusu mwaka huohuo.