Utafiti wa retina: kinachopimwa, na karatasi za kuulizia kabla ya kutia sahihi

Wananchi wa Uganda wanaoombwa kushiriki katika tafiti za shahada ya uzamivu kuhusu macho wanalalamika kwamba hawaelezwi wanapimwa nini. Malalamiko mengine ni ya haki. Mengine ni uvumi mtupu, na unatuharibia kazi sisi watafiti.

Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haitumi picha kwenye ubongo. Seli zaidi ya milioni 90 zinazopokea mwanga hupitisha taarifa kwa seli za kati, nazo hupeleka kwa seli za ganglioni. Nyuzi za seli hizi, kama milioni 1 tu kwa kila jicho, ndizo neva ya jicho. Kwa hiyo mengi huchujwa humo humo jichoni: seli nyingi za ganglioni hazijali sana ukali wa mwanga, hujali tofauti ya mwanga kati ya katikati ya eneo dogo ambalo kila seli hulitazama na kandokando yake. Nyuzi za upande wa pua huvuka kwenda upande wa pili wa ubongo, kisha taarifa hupitia thalamasi, kituo kilicho ndani ya ubongo, hadi kisogoni. Glaukoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huua seli za ganglioni, nazo zikifa hazioti tena. Ndiyo maana kinachopandikizwa hospitalini ni konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho. Anayekuahidi jicho zima jipya litakaloona anakudanganya.

Kipimo cha kawaida ni hiki: unakaa mbele ya skrini, mara nyingi umbali wa mita 1, yenye miraba myeusi na myeupe inayobadilishana rangi mara 2 kila sekunde. Jicho moja hufunikwa. Elektrodi, kidude cha kunasa umeme kinachobandikwa kisogoni, hupokea mawimbi ya ubongo, na wimbi kuu hutokea baada ya milisekunde 100 hivi. Likichelewa, huenda neva ina tatizo, au mhusika amesahau miwani yake nyumbani. La pili hutokea mno. Njoo na miwani. Osha nywele na usipake mafuta. Rasta na nywele bandia zilizobana kisogoni huzuia elektrodi kugusa ngozi. Ukisinzia, matokeo hayafai. Elektrodi haziingizi umeme kichwani, wala hazisomi mawazo. Tumelijibu swali hili mara nyingi mno.

Kipimo cha retina yenyewe ni tofauti. Hapo hutiwa matone ya kupanua mboni, kisha unakaa gizani dakika 20. Kuona karibu huwa kwa ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo usiendeshe boda boda siku hiyo.

Sasa karatasi. Mtafiti lazima awe na kibali cha kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa, na cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda. Akiingia kijijini, ajitambulishe kwa RDC, mwakilishi wa rais wilayani, na kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Barua ya mwenyekiti peke yake haitoshi, ingawa wengi hudhani inatosha. Fomu ya ridhaa isomwe kwa lugha unayoielewa, nawe ubaki na nakala. Asiyejua kusoma huweka alama ya kidole mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti. Aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida huhitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na mtoto mwenye umri wa kuelewa huulizwa naye. Nauli unayorudishiwa si malipo ya jicho lako. Unaweza kujitoa wakati wowote, na matibabu yako hayaguswi.

Majibu yako ni taarifa binafsi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, anayezitoa kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini isiyozidi pointi 240 za fedha, yaani shilingi 4,800,000 kwa kiwango cha 20,000 kila pointi, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Lalamiko la utafiti wenyewe mpelekee mwenyekiti wa kamati ya maadili. Namba yake lazima iwe kwenye fomu. Kama haipo, usitie sahihi.