Mlioana lini? Pensheni ya vita na mjane wa mwanajeshi

Mjane wa mwanajeshi akiketi mbele yangu na faili lake, swali langu la kwanza humuudhi. Simuulizi mumewe alipigana wapi wala alivishwa nishani ngapi. Namuuliza, mlioana lini?

Nimekaa na madai ya namna hii miaka mingi, na swali hilo silikwepi. Mwanajeshi hulipwa kwa sababu ya utumishi wake na majeraha yake. Mke hulipwa kwa sababu ya ndoa, na sheria huichunguza ndoa hiyo kuliko hata aliyewafungisha.

Hofu ya ndoa za kutafuta pensheni ina umri. Mwaka 1836 Bunge la Marekani liliwapa pensheni wajane wa vita vya uhuru, lakini wale tu walioolewa kabla mume hajamaliza utumishi. Miaka miwili baadaye mpaka ukasogezwa: ndoa zilizofungwa kabla ya 1794. Mwaka 1848 ukasogezwa tena hadi 1800, na mwaka 1853 tarehe ikafutwa kabisa. Kila mara wabunge waliogopa jambo lile lile, kwamba wazee wenye pensheni wataoa wasichana na hazina italipa mpaka ichoke. Hawakukosea sana. Vita viliisha 1783, na mjane wa mwisho, Esther Damon, alifariki 1906.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vikarudia kisa hicho. Mose Triplett, aliyewahi kutumikia pande zote mbili za vita hivyo, alioa mara ya pili mwaka 1924 akiwa mzee. Binti yake Irene, aliyekuwa na ulemavu wa akili, alipokea pensheni ya baba yake, dola 73.13 kila mwezi, hadi alipofariki mwaka 2020. Lakini ninayemkumbuka zaidi ni Helen Jackson. Mwaka 1936, akiwa na miaka 17, aliolewa na James Bolin, mkongwe wa vita hivyo mwenye miaka 93, ambaye Helen alikuwa akimsaidia kazi za nyumbani. Mzee hakuwa na cha kumlipa, na hakutaka kusaidiwa bure, kwa hiyo akampa ndoa ili siku moja apate pensheni. Helen hakuwahi kuidai hata senti. Wako wanaoziita ndoa kama hizo ulaghai. Mimi naona mtu aliyetaka kulipa deni kwa kitu pekee alichokuwa nacho.

Upande wa pili wa hofu hiyo ni mjane kuolewa tena. Sheria nyingi zilimhesabu mume mpya kama pensheni mpya. Uingereza iliacha kuwanyang'anya wajane wa vita pensheni kwa kosa la kuolewa kuanzia Aprili 2015, ila haikurudi nyuma kuwatazama waliokwisha kuolewa. Kwa kuwa ndoa ya pili ikivunjika pensheni ilirudishwa, ikawa mke anapata zaidi akiachana na mumewe kisha wakaoana upya! Mwaka 2023 waliopoteza wakafunguliwa malipo ya mara moja ya pauni 87,500. Marekani hadi leo hutazama umri: anayelipwa fidia kwa kuwa mumewe alikufa kutokana na utumishi huipoteza akiolewa kabla ya miaka 55.

Hiyo fidia isichanganywe na pensheni ya wahitaji. Pensheni ya wahitaji hutazama kipato na mali ya mjane, na pia kama mume alikuwa jeshini kipindi cha vita. Si lazima awe alijeruhiwa, wala awe alifika mstari wa mbele. Nimeona wanawake wakikaa miaka bila kudai kwa kuwa "yeye alikuwa mpishi tu".

Kuna pia nyongeza ya matunzo, kwa asiyeweza kuoga, kuvaa au kula bila kushikwa mkono. Watu hudhani ni ya mkongwe peke yake, kumbe mjane naye akifikia hali hiyo anaweza kuiomba.

Lakini madai mengi ya fidia huanguka kwenye cheti cha kifo. Daktari aliyekuwa zamu anaandika kwamba moyo ulisimama, anatia sahihi, anaondoka. Mapafu yaliyoharibika jeshini, yaliyomdhoofisha marehemu kwa miaka 20, hayatajwi popote. Ofisi ikisoma cheti hicho haioni uhusiano wowote na vita. Cheti kina nafasi ya kuandika maradhi yaliyochangia, na mara nyingi huachwa tupu. Kwa hiyo mkongwe akiwa bado hai, daktari wake aandike ugonjwa upi ulianzia jeshini, na karatasi hiyo ikae pamoja na cheti cha ndoa na cha kuacha jeshi. Kama amekwisha kuzikwa na nafasi ile iko tupu, ombi la kurekebisha lianzie kwa daktari aliyemtibu, kabla faili halijafika ofisi ya pensheni.