Kutapika Kukikoma Si Kupona: Maswali ya Mionzi kwa Wanaoshika Skrapu

Vijana wa skrapu na mafundi wa kuchomelea kutoka Jomvu, Changamwe na Kongowea hapa Mombasa wana desturi moja: wakidhurika, husubiri. Aliyerukiwa na asidi ya betri huja kwetu hospitalini siku ya nne, kidonda kimepakwa dawa ya meno. Kwa mionzi, subira hiyo huua.

Mionzi inafikaje kwenye yadi ya skrapu?

Mionzi ni nishati isiyoonekana wala kunusika, na hata ikiwa nyingi huenda usihisi joto lolote. Hutoka kwenye vitu kama kobalti-60, sesiamu-137 na iridiamu-192, vinavyotumika kutibu saratani na kukagua viungo vya mabomba vilivyochomelewa. Mashine ikiibwa au ikitelekezwa, chanzo chenyewe huwa ni kitu kidogo ndani ya gamba zito la madini ya risasi. Uzito huo ndio unaowapendeza wanunuzi. Ukiona alama ya mapanga matatu meusi juu ya rangi ya njano, usigonge, usikate, usifungue.

Nilishika chuma cha namna hiyo, nikatapika, lakini sasa niko sawa. Kuna haja ya kuja?

Njoo leo. Si kesho, si baada ya malipo ya wiki.

Mionzi mingi humtapisha mtu kwa saa kadhaa, pengine siku moja au mbili, kisha humwachia. Anakula vizuri, anarudi kusukuma mkokoteni. Huku ndani uboho wa mifupa, unaotengeneza damu, unakufa. Wiki mbili tatu baadaye ndipo huja homa, fizi kutoka damu na nywele kung'oka. Bila matibabu, kipimo cha grei 4 hivi mwili mzima (grei ni kizio cha kupimia mionzi iliyoingia mwilini) huua karibu nusu ya waliokipata. Kwa hiyo narudia: kutapika kukikoma si kupona.

Mtajuaje nimepata kiasi gani, na sikuwa na kifaa cha kupimia?

Kwanza kwa saa. Ulishika saa ngapi, ukatapika saa ngapi? Aliyetapika baada ya saa mbili kupita huenda amepata chini ya grei 2. Kati ya saa moja na mbili, tunafikiria grei 2 hadi 4. Kabla ya saa moja kwisha, zaidi ya 4, na huyo ni wa kukimbizwa. “Jana jana hivi” haitusaidii. Andika saa hata kwenye karatasi ya kufungia mahamri.

Pili kwa damu. Hofu na chakula kibovu pia hutapisha, ndiyo maana tunahesabu limfosaiti, aina ya chembe nyeupe, tena na tena kila baada ya saa chache. Zikishuka kwa kasi, kipimo kilikuwa kikubwa. Ukija siku ya kumi, nusu ya ushahidi huu umeshapotea.

Kwa nini mnataka simu yangu?

Kwa sababu ilikuwa mfukoni mwako wakati ule. Ndani yake kuna vijipande vya kauri, vidogo kuliko punje ya mchele, na mionzi ikipita huacha alama humo. Maabara maalumu huvimulika, navyo hutoa mwanga hafifu unaolingana na kipimo kilichopita. Si kazi ya kila hospitali, na matibabu hayaisubiri, lakini inaweza kuonyesha tofauti kati ya aliyesimama karibu na aliyekuwa mlangoni.

Alama hiyo hufutwa na mwanga, na hata gizani hupungua siku baada ya siku. Basi usimpe fundi aifungue, usiiuze, usiitupe kwa hofu. Itie ndani ya mfuko mweusi, eleza ulikuwa umeiweka wapi mwilini, uje nayo.

Chumvi ya jikoni nayo hutunza alama kama hiyo ikiwa kwenye kopo lisilopitisha mwanga. Meno hutunza kwa miaka mingi. Ya manusura wa bomu la nyuklia la Hiroshima yalipimwa, ingawa kwa njia nyingine.

Nimekunywa maziwa na madafu kusafisha sumu. Si inatosha?

Haitoshi. Haisafishi chochote. Kila aina ya sumu hapa Mombasa hutafutiwa maziwa, na wakati maziwa yananunuliwa, saa zinapita. Mionzi ya kobalti iliyokuchoma kwa nje haimo tumboni mwako; imeshapita mwilini na kuumiza. Vidonge vya iodini hulinda tezi ya shingo dhidi ya iodini yenye mionzi tu, si sesiamu, si iridiamu. Kunywa maziwa ukiwa na kiu. Ukishika chuma cha mashaka, njoo hospitali.

Ngozi haina alama. Bado nije?

Bado uje! Ngozi huchelewa siku, hata wiki. Mwaka 1999 huko Yanango, Peru, fundi wa kuchomelea aliokota kipande cha iridiamu akakitia mfuko wa nyuma wa suruali, akakaa nacho kwa saa kadhaa. Alipoteza mguu.

Nguo nifue?

Usifue. Ikiwa kulikuwa na unga au vumbi, vua nguo za nje taratibu, zifunge kwenye mfuko, uuweke mbali na watu. Oga kwa maji na sabuni bila kusugua kwa nguvu. Usile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa. Aliyepigwa na mionzi kwa nje tu haambukizi mtu, basi msimkimbie mgonjwa.

Na chuma chenyewe nikilete?

Hapana. Goiânia, Brazili, Septemba 1987, mashine ya kutibia saratani ilivunjwa ikauzwa kwa skrapu, na unga wake wa sesiamu, uliong'aa buluu gizani, ukagawiwa kwa ndugu na majirani. Wiki mbili zilipita. Mke wa mwenye yadi ndiye aliyeshuku, akapeleka mabaki kwa basi hadi ofisi ya afya. Aliokoa wengi, yeye akawa mmoja wa wanne waliokufa. Watu 249 walikutwa na uchafu wa sesiamu.

Kiache palepale kilipo. Ondoa watu na watoto, mbali kadiri mnavyoweza, zuia wengine wasisogee, piga 999 au 112 useme wazi kwamba ni mionzi. Ukifika hospitalini, sema hivyo hivyo mlangoni, kabla hujauliza foleni iko wapi.